Mubirizi kwa Wifi Yangu

Asubuhi nikiamka, kabla sijasema na mtu, nabandika maji jikoni. Naweka majani ya mchaichai niliyoyakunja fundo, kipande cha tangawizi nilichokiponda kwa kitako cha kikombe, na msimu wa mafua naongeza majani machache ya umuravumba, yale yenye manyoya laini na harufu kali ya dawa. Nakunywa nikiwa nimesimama mlangoni, nikitazama vilima vya juu ya Kanyosha vikitoka kwenye ukungu. Sinywi kwa ajili ya afya peke yake. Nakunywa kwa sababu napenda, na kwa sababu kwa miaka mingi hakuna aliyekunywa chai yangu katika nyumba hii ila mimi na mume wangu, ambaye hakuwa na pa kukimbilia.

Aliyesababisha hayo ni mtu mmoja, dada mkubwa wa mume wangu. Nilimchukia, na sioni haya kuandika hivyo.

Mimi nilizaliwa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Mama yangu alikuwa mtu wa majani. Hakuwa mganga na hakumtibu mtu. Alipenda tu kuchemsha, kunusa, kuchanganya hiki na kile, akaona leo imetoka vipi. Kwetu birika halikupoa. Mgeni akiingia anapewa kikombe kabla hajapata kiti, naye anakipokea na kunywa, basi. Nilipoolewa Bujumbura nilivuka pale Gatumba na shina la mchaichai ndani ya mfuko, mizizi yake bado ina udongo wa uani kwa mama. Afisa wa mpakani aliufungua mfuko, akanusa, akacheka, akaniacha nipite. Nikalipanda shina lile karibu na bomba la maji, likashika vizuri kuliko nilivyotarajia.

Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, wanawake wa upande wa mume wangu wakaja kunihemba. Ndivyo wanavyosema huku mzazi anapotembelewa kwa vyakula na pongezi. Walikuja na unga, maziwa, ndizi, maharage na sabuni. Wifi yangu alitangulia mbele yao, funguo za gari mkononi, na sauti ya mtu aliyezoea ofisini kwake wote wanyamaze anapoongea. Nilifurahi kweli. Nilikuwa bado natembea kwa kushika ukuta, lakini niliinuka nikawapikia ile chai niliyokuwa nakunywa mwenyewe ili maziwa yatoke, mchaichai na tangawizi na majani ya shamari. Nikaijaza kwenye termosi mbili. Nikawagawia vikombe, nikaanza na wifi kwa heshima.

Hakunywa. Alikiangalia kile kikombe, akakinusa, akakiweka chini sakafuni kando ya mguu wa kiti.

"Mi siwezi kunywa kintu mwenyewe hajaonja," alisema.

Sikumwelewa. Nilidhani analalamika kwamba chai ni ya moto.

"Shangazi, nikuongezee maji ya baridi?" nikamwuliza. Tangu mtoto azaliwe nilikuwa nimeanza kumwita shangazi, kwa niaba ya mtoto.

"Apana, mama. Acha tu. Tutakunywa siku ingine."

Wenzake walikuwa wameshavipandisha vikombe hadi kidevuni. Walimtazama yeye, wakanitazama mimi, kisha mmoja baada ya mwingine wakaviweka chini. Mazungumzo yakaendelea kidogo kuhusu mtoto kafanana na nani, halafu wakaaga. Vikombe vilibaki vimejipanga sakafuni, vimejaa, chai imeshika utando juu. Niliikusanya nikaimwaga kwenye shina la mchaichai huku nalia.

Mume wangu ndipo akanieleza. Huku, anayekupa kinywaji anakinywa kwanza yeye mwenyewe, funda moja, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Hata kwenye bar chupa haifunguliwi kaunta. Mhudumu anakuletea imefungwa, anaifungua mezani unaona. Watu wanaogopa sumu, na desturi hiyo ndiyo inayowatuliza. Ukimpa mtu kinywaji cha kupika mwenyewe bila kukionja, umemtisha, hata kama hukukusudia.

"Na we ulikuwa umekaa pale pale," nikamwambia. "Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilizani unajua."

"Ningejulia wapi? Kwetu mutu anapewa, anakunywa!"

Alijikuna kichwa akasema niachane nayo. Hilo ndilo neno lake kwa kila kitu, achana nayo, na siku hiyo nilitamani kumrushia termosi.

Ile siku yenyewe ningeisamehe. Desturi ni desturi, na mimi nilikuwa mgeni. Lakini wifi angeweza kunivuta jikoni akaninong'oneza, mama, huku tunaonjaga kwanza. Ningeonja, tungecheka, ingekwisha. Badala yake aliibeba habari ile hadi Kibenga anakokaa, na kutoka Kibenga ikafika kwa ndugu wa Cibitoke, na ilipofika huko ilikuwa imeshaota miguu na mikono. Nikawa bibi Mkongomani anayechemsha majani yasiyojulikana na ambaye mwenyewe hathubutu kuyagusa. Mtu aliyenikuta sokoni, watu wamejaa, aliniuliza, kwa utani eti, kama ninauza pia yale majani ya kumalizia watu.

Nilijifunza upesi. Tangu hapo nilionja kila kitu, chai, uji, hata maji ya bombani, mbele ya kila mgeni. Haikusaidia. Waliokuja walisema wametoka kunywa, au tumbo limejaa, au wamefunga, hata wale ambao sijawahi kuwasikia wakifunga. Naye wifi kila alipokuja aliomba soda, na iwe imefungwa. Kwenye pete ya funguo zake alikuwa na kifungulio cha chupa. Aliiweka soda mapajani, akaifungua mwenyewe, akaufuta mdomo wa chupa kwa kitambaa, ndipo akanywa huku ananitabasamia. Kizibo kilidondoka sakafuni kwangu na hakukiokota hata mara moja. Aliyekiokota ni mimi.

Kilichonifikisha pabaya ni mama yangu. Alikuja kututembelea kutoka Uvira, amebeba tangawizi ya shambani kwake na shauku ya kuwaona wakwe. Walipokuja Jumapili, mama aliwahi jikoni kabla yangu. Alipika chai ambayo ingemrudisha mtu kutoka safarini kwa harufu yake tu. Nikaionja mbele ya wote, nikameza kwa sauti. Wakashukuru, wakasema wako sawa. Wifi akatoa funguo zake, tukasikia kizibo kikidondoka. Mama yangu alitazama ile termosi iliyojaa, akanitazama, akaelewa kila kitu bila kuelezwa. Alijimiminia kikombe, akanywa, akajimiminia kingine, akanywa, akaendelea hivyo akiwaangalia wageni usoni mpaka chai ikaisha. Kesho yake alirudi kwao ingawa alikuwa amepanga kukaa wiki nzima.

Kuanzia hapo nilikuwa na haja moja duniani. Nilitaka wifi yangu anywe kikombe kitokacho mkononi mwangu, mbele ya wanawake wale wale waliomwona akikiweka chini. Na nilitaka kisiwe kitamu.

Kinyongo kikikaa muda mrefu kinakuwa kama mtu wa nyumbani. Nilikipikia, nilikilaza, nilikiamsha. Mtoto alikua akaanza shule, mama yangu akafariki, mimi bado nilikuwa namsubiri wifi. Nilimwambia mume wangu kwamba nimesahau, naye akaamini kwa sababu ilimpa nafuu.

Kisha mambo yakaanza kunielekea. Soda zikawa za kutafuta mjini. Sukari nayo ikawa leo ipo, wiki nzima haipo, na watu wengi ambao walikuwa wakicheka majani yangu wakaanza kupanda mchaichai kwenye ndoo. Na juu ya hayo daktari akamwambia wifi damu yake ina sukari nyingi, aache soda kabisa, aache na bia tamu. Mume wangu alinipa habari hiyo kwa huruma. Nikasema pole sana, nikaenda uani nikacheka peke yangu nimejishika kiuno.

Alimeza vidonge vyake vya hospitali, hapo alikuwa na akili. Lakini wifi hajui kufanya jambo kimyakimya. Alinunua kila pakiti ya chai ya majani inayouzwa kwenye simu, ya kusafisha ini, ya kupunguza mwili, ya kuleta usingizi, na kwenye kundi la WhatsApp la familia akageuka kuwa mwalimu wetu. Kila alfajiri sauti yake ndefu ilikuwa imeshatufikia. Zaidi ya yote alisifu mubirizi. Ni kichaka kinachojulikana na kila mtu huku, wazee wanachemsha majani yake kwa ajili ya tumbo, na uchungu wake unaganda ulimini ukakufuata mpaka mchana. Wifi alikuwa anatia ncha ya kijiko cha unga wa pakiti kwenye maji ya uvuguvugu, akajiona shujaa.

Kwangu mubirizi ndio uzio wa uani.

Komunyo ya kwanza ya binti yangu ilipokaribia, nilijua wageni watakuwa nani. Watakuwa wale waliokuja kunihemba kwa mtoto huyo huyo. Nikaanza kujiandaa. Wengine wanajiandaa kwa kushona kitenge. Mimi nilianza kunywa mubirizi. Kwa sababu nilijua fika kwamba chochote nitakachompa wifi, lazima nikinywe kwanza mimi, na nikikunja uso nimeharibu kila kitu. Siku za mwanzo nilitapika. Nikapunguza, nikaongeza, nikajifunza kumeza bila kupumua, halafu nikajifunza kumeza huku napumua, mwishowe nikajifunza kumeza huku natabasamu. Mume wangu alinikuta mbele ya kioo nikiwa na kikombe, akaniuliza nina nini. Nikamwambia tumbo.

Jumapili ya komunyo, baada ya misa, wakajaa uani chini ya turubai. Binti yangu alikuwa na gauni jeupe na viatu vilivyombana. Nilitoa birika moja moja, nikaonja kila moja nimesimama wima kama ninayeapa, na kwa kuwa soda hazikutosha baadhi yao walipokea mchaichai kwa ncha za vidole. Hawakuwa wakinywa sana. Walikuwa wanamngoja wifi.

Alifika amechelewa, analaani foleni ya mafuta, na chupa yake ya maji kwenye mkoba. Mume wangu, masikini, akamletea soda moja aliyokuwa ameificha.

"Apana, ndugu yangu, muganga alikataza," wifi akasema, akiongea na uwanja mzima. "Mi sasa ni majani tu. Mubirizi, ma chère! Muko munaharibu mwili na sukari juu munaogopa uchungu. Uchungu ni kintu ya mu kichwa. Mi nakunywaka kama maji, hata sura sikunji."

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni.

"Shangazi, kumbe unapenda mubirizi?" nikasema kwa sauti nyororo niliyokuwa nimeifanyia mazoezi pia. "Ule wa mu pakiti ni vumbi tu. Hapa kwetu uko mubichi. Nikupikie?"

Aliangalia kushoto na kulia. Mwanamke mmoja wa Cibitoke, mnene, mpenda vichekesho, akapiga makofi.

"Ee, apikiwe! Atuonyeshe vile wanakunywaka!"

Wengine wakaitikia kwa kicheko. Wifi akasema sawa, kwa nini isiwe. Kama kuna aliyejiuliza mbona majani yaliiva haraka hivyo, hakusema. Sufuria lilikuwa kwenye jiko la makaa tangu kabla ya misa, maji yamepungua nusu, meusi mazito kama ya kuoshea masizi.

Nililitoa birika nje na vikombe viwili vyeupe. Nikajimiminia mbele yao, kikombe kizima. Desturi inataka funda moja. Mimi nilikunywa chote, polepole, nikimtazama wifi machoni, na uchungu ulipopanda mpaka masikioni nikafikiria termosi ya mama yangu, nikatabasamu. Nikakipindua kikombe waone hakikubaki kitu. Kisha kutoka birika lile lile nikamjazia yeye, nikampa kwa mikono miwili.

Hata watoto waliacha kukimbia, ingawa sidhani walijua kwa nini. Wifi alipiga funda la kwanza na nikaona kidevu chake kinatetemeka peke yake. Macho yakamjaa maji. Alikishusha kikombe na mkono wake ukaanza kutafuta mahali pa kukiweka, kando ya mguu wa kiti, kama zamani. Chini hapo palikuwa na mguu wangu. Nilikuwa nimeuweka mapema.

"Umalize tu, shangazi," nikamwambia. "Kama maji."

Alimaliza. Ilimchukua muda, na kila funda lilionekana likimshuka, na waliokuwa nyuma walisimama ili waone. Alipomaliza alijifuta mdomo kwa kile kitambaa chake cha kufutia chupa, akasema kwa sauti ya kukwaruza kwamba ni nzuri, iko na nguvu. Yule mnene wa Cibitoke akacheka mpaka akashikwa na kwikwi, kisha akanyoosha kikombe chake kwangu, akitaka mchaichai.

"Mama, mi unipatie ile ya sitroneli. Jaza."

Wakafuata wote. Nilitengeneza birika baada ya birika, nikakata mchaichai mpaka shina likabaki kipara. Mmoja aliniuliza kama naweza kumpa mche. Nilifurahi nikajisikia mwili mwepesi, na katikati ya furaha hiyo nilikasirika upya, kwa sababu aliyestahili kuona vikombe vile vikirudi vitupu alikuwa amelala kaburini Uvira.

Nilidhani hapo ndipo nitatosheka. Lakini mubirizi ulimfaa wifi. Hilo sikulipanga. Tumbo lake lililokuwa likimsumbua siku zote likatulia, au alijiambia hivyo, na Jumapili iliyofuata nilimkuta barazani kwangu baada ya misa, amekaa, anangoja kikombe. Na Jumapili nyingine tena. Funguo zake aliziweka mezani na kile kifungulio kilianza kushika kutu. Aliwaambia watu mjini kwamba majani ya wifi yake wa Kanyosha hayana mfano, kwamba yeye ndiye aliyeyagundua. Hakuwahi kusema samahani. Hakuwahi hata kuitaja ile siku ya vikombe sakafuni. Kila Jumapili nilionja mbele yake, nikampa, akanywa, tukaongea habari za bei za vitu.

Mpaka juzi. Tulikuwa watatu barazani, yeye, mume wangu na mimi. Nilimimina, nikakiinua kikombe nionje, naye akanyoosha mkono kukipokea kabla hakijafika mdomoni kwangu. Alikuwa anacheka.

"Leta tu, mama. We na mi tangu lini tunaonjeana? Mi sijakuogopaka hata siku moja."

Mume wangu alinitupia jicho haraka. Nilijua analosema lile jicho, achana nayo, na nilijua kwamba mwanamke mwema zaidi yangu angekiachia kikombe kile na yote yangeishia hapo, kwa bei ya uongo mmoja mdogo. Wifi yangu hakuwa hata anadanganya. Alikuwa amesahau kweli. Miaka yote ile niliyokuwa nimeibeba, kwake haikuwahi kuwa na uzito wa kutosha kukumbukwa.

"Apana, shangazi," nikasema. "Ni lazima nionje."

Nikanywa. Sikunywa funda moja. Nilikunywa kidogo kidogo, kama mtu mwenye mchana mzima mbele yake, na mkono wake ukabaki hewani kati yetu, wazi, haujui urudi au usubiri. Kicheko kilimtoka usoni taratibu. Alimwangalia kaka yake, kaka yake akaangalia vilima. Nilipofika chini nilikipindua kikombe aone hakikubaki kitu. Kisha nikajaza kingine, nikakiinua, nikaanza kukionja upya.